Kiharusi: Jinsi uwezo wa kufikiri na kupanga unavyoathiri safari ya kupona

Mtu aliyepatwa na kiharusi anaporudi nyumbani kutoka hospitalini, macho ya watu huelekea kwenye mkono na mguu wake. Majirani huuliza kama ameweza kusimama, kama anashika kikombe, kama ulimi umefunguka. Ni wachache wanaouliza kama anaweza kuipanga siku yake: kuanza jambo, kulifuata hatua kwa hatua, kulikagua na kulimaliza.

Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba swali hilo ni zito kama yale ya kwanza. Mgonjwa aliyerudishiwa nguvu za mguu lakini hawezi kuupanga mwendo wake bado yumo hatarini kuanguka. Mgonjwa aliyepewa dawa za shinikizo la damu lakini hawezi kukumbuka na kuratibu siku zake yumo hatarini kupatwa na kiharusi cha pili. Tena ulemavu huu hauonekani kwa macho, na kwa sababu hiyo mara nyingi hupewa jina lisilo lake: uvivu, ukaidi, au kurogwa.

Katika maeneo ya milimani kama tarafa ya Mudende, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, jambo hili lina uzito wa pekee. Hapo ni karibu na mlima Karisimbi wenye urefu wa mita 4,507. Wakazi wengi huishi kwa kilimo cha viazi mviringo na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Njia ni za kupanda na kushuka, na Hospitali ya Wilaya ya Gisenyi iko mjini, mbali na mashamba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupona hufanyika nyumbani, mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na jamaa zake.

Kiharusi ni nini?

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla. Sababu kuu ni mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi duniani, ni mshipa wa damu kuzibwa na bonge la damu au mafuta. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au juu yake. Chembe za ubongo zikikosa damu hufa katika muda wa dakika chache, na kila sehemu inayokufa huondoka na kazi iliyokuwa ikiifanya.

Shirika la Kiharusi Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya wanne walio na umri wa zaidi ya miaka 25 atapatwa na kiharusi katika maisha yake. Barani Afrika, mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana ilifanywa nchini Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, watafiti walikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Takwimu hizo zilivunja dhana kwamba kiharusi ni maradhi ya nchi tajiri.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni shinikizo la juu la damu. Nchini Rwanda, uchunguzi wa kitaifa wa 2012 na 2013 uliwakuta watu wapatao 15 kati ya kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wakiwa na shinikizo la juu la damu. Maradhi hayo hayaumi mwanzoni, na wengi huyagundua siku wanapoanguka.

Akili inayopanga

Ubongo una sehemu zinazosikia, zinazoona, zinazosukuma mkono na zinazotunga maneno. Juu ya kazi hizo kuna kazi nyingine ya kuzisimamia zote: kuchagua lengo, kupanga hatua, kuanza, kujizuia, kubadili mpango mambo yanapobadilika, na kukagua kama lengo limefikiwa. Kazi hii inaweza kufananishwa na ya msimamizi wa ujenzi. Yeye habebi tofali hata moja, lakini asipokuwapo, fundi, mchanga na saruji vinaweza kuwapo vyote na nyumba isijengwe.

Kwa kawaida wataalamu hutaja nguzo tatu za uwezo huu. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kutendea kazi, yaani kushika mambo machache akilini wakati mtu anayatumia, kama anavyofanya muuza duka anapojumlisha bei za vitu vitatu bila kalamu. Ya pili ni kujizuia, yaani kuacha jambo la haraka ili kufanya lililo sahihi. Ya tatu ni wepesi wa kubadili fikra, yaani kuiacha njia iliyozibwa na kutafuta nyingine. Juu ya nguzo hizo ndipo hujengwa upangaji na utatuzi wa matatizo.

Uwezo huo hutegemea hasa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hata hivyo haukai mahali pamoja tu. Sehemu ya mbele imeunganishwa na sehemu za ndani na za nyuma kwa nyuzi nyingi, na kiharusi kidogo kinachokata nyuzi hizo kinaweza kuudhoofisha uwezo wa kupanga, ingawa paji la ubongo lenyewe halikuguswa. Ndiyo maana tatizo hili si nadra. Kutegemea kipimo kilichotumika na muda uliopita tangu kuugua, tafiti zimelikuta kwa wagonjwa kuanzia karibu mmoja kati ya watano hadi watatu kati ya wanne.

Elimu hii ilivyopatikana

Mwaka 1848, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtaimbo wa chuma uliopenya shavuni na kutokea utosini baada ya baruti kulipuka. Hakufa. Aliweza kutembea na kuzungumza, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilibadilika: alibuni mipango mingi na kuiacha kabla ya kuitekeleza. Hilo lilikuwa dokezo la mapema kwamba sehemu ya mbele ya ubongo inahusika na kuongoza mwenendo wa mtu.

Karne moja baadaye, mtaalamu wa Kirusi Alexander Luria, aliyeishi kati ya 1902 na 1977, alifanya kazi katika hospitali ya askari waliojeruhiwa kichwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliona jambo la kushangaza. Baadhi ya wagonjwa waliojeruhiwa sehemu ya mbele ya ubongo waliweza kurudia agizo walilopewa neno kwa neno, lakini hawakulitekeleza. Ulimi ulijua la kufanya, mkono ukabaki palepale. Luria alieleza kwamba ubongo una mfumo maalumu wa kupanga, kuongoza na kukagua matendo, na kwamba mfumo huo ukiharibika, kujua na kutenda hutengana.

Maelezo hayo yanamfaa kila anayemhudumia mgonjwa wa kiharusi. Mzee anayeambiwa afanye mazoezi ya mkono mara tatu kwa siku, akaitikia vizuri, kisha akashinda ameketi hadi jioni, huenda hakudharau agizo. Huenda kilichovunjika ndani yake ni daraja kati ya kujua na kuanza.

Mazoezi yanahitaji mpango

Ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudiarudia. Mkono uliolegea hurudishiwa kazi kwa kutumiwa mara nyingi kila siku, kwa majuma na miezi. Maendeleo ya haraka huonekana hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, ingawa wagonjwa wengi huendelea kupata nafuu baada ya hapo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuwa na mgonjwa kwa muda mfupi tu. Saa zilizobaki za juma ni za mgonjwa mwenyewe: akumbuke zoezi, aamue kuanza, agundue pale anapolikosea, na aendelee hata likichosha. Kila moja ya hatua hizo ni kazi ya akili inayopanga. Hivyo wagonjwa wawili waliopooza kwa kiasi kilekile wanaweza kupishana sana baada ya miezi sita, kwa sababu mmoja aliweza kuyaendesha mazoezi yake na mwingine hakuweza. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba walioathirika zaidi katika uwezo wa kupanga hubaki wakitegemea wengine zaidi katika shughuli za kila siku, na huona ugumu zaidi kurudi kazini.

Dawa zinahitaji mpango

Takriban kiharusi kimoja kati ya vinne humpata mtu aliyekwisha kupatwa nacho kabla. Kinga kuu ni dawa za kila siku, hasa za kushusha shinikizo la damu, na kwa waliozibwa mshipa, dawa za kuzuia damu isigande. Kumeza kidonge ni jambo dogo. Kazi ni kumeza kidonge kilekile kila siku kwa miaka, wakati mtu hajisikii mgonjwa.

Mgonjwa hana budi kuhesabu vidonge vilivyobaki, kujua vitaisha siku gani, kuikumbuka tarehe ya kliniki, kutafuta nauli kabla ya siku hiyo, na kuhakikisha mchango wa bima ya afya ya Mutuelle de Santé umelipwa. Akikosa hatua moja, mnyororo mzima hukatika. Mtu mwenye afya huyafanya hayo bila kuyafikiria sana. Aliyepungukiwa na uwezo wa kupanga anaweza kukaa na karatasi ya miadi mfukoni hadi tarehe ipite.

Kutembea na kuzungumza

Wengi hudhani kutembea ni kazi ya miguu peke yake. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi kuhusu wazee waliokuwa wakiishi katika nyumba za kulelea wazee. Waliwaangalia tu wakitembea huku wakizungumza. Wale waliolazimika kusimama ili waweze kujibu walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka katika miezi sita iliyofuata. Akili yao haikuweza kugawanya uangalifu kati ya hatua na maneno.

Kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, kugawanya uangalifu huwa kugumu zaidi. Fikiria mteremko wa Mudende wakati wa masika: udongo unateleza, mkononi kuna mwavuli, na jirani anatoa salamu kutoka ng'ambo ya njia. Kutoitikia ni utovu wa adabu, na kuitikia huku unatembea ni hatari. Jamaa wanaolielewa hilo humfundisha mgonjwa jambo rahisi: asimame kwanza, aitikie, kisha aendelee. Nao majirani hujifunza kumngoja.

Kutojitambua

Mwaka 1914 daktari Joseph Babinski wa Paris aliwaeleza wenzake kuhusu wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili lakini hawakutambua kwamba wamepooza. Hawakuwa wakidanganya. Ubongo wao haukupata habari za hasara yake wenyewe. Hali hiyo huonekana zaidi pale kiharusi kinapopiga upande wa kulia wa ubongo, na mara nyingi hupungua kadiri siku zinavyopita.

Kuna pia namna nyepesi zaidi ya kutojitambua. Mgonjwa hukubali kwamba mkono ni dhaifu, lakini haoni kwamba hukumu yake imebadilika. Husema yuko tayari kupanda paa, kuendesha pikipiki au kukopa fedha. Aliyepoteza uwezo wa kujikagua hawezi kujirekebisha, kwa sababu machoni pake hakuna cha kurekebisha. Katika hali hiyo mabishano husaidia kidogo. Kinachofaa zaidi ni kumpa kazi ndogo isiyo na hatari, kumwuliza mapema anatarajia itakwendaje, kisha kulinganisha naye matarajio na matokeo.

Viazi, maziwa na mvua

Kazi za shambani na zizini huhesabiwa na watu wa mjini kuwa kazi za nguvu tu. Ukweli ni kwamba zimejaa mipango. Kukama kunamtaka mtu anawe mikono, asafishe kiwele, amfunge ng'ombe, amweke ndama mahali pake, achuje maziwa, na ayafikishe kwa mnunuzi kabla hayajaharibika. Aidha anatakiwa kukumbuka ng'ombe yupi amechomwa sindano ya dawa, kwa kuwa maziwa yake hayaruhusiwi kuuzwa hadi siku zilizotajwa na daktari wa mifugo zipite. Hapo panahitajika kumbukumbu, na panahitajika kujizuia, hasa siku ambayo fedha zimeadimika.

Viazi navyo vina hesabu yake. Mkulima huchagua mbegu, hukadiria mvua, hupulizia dawa ya ukungu kwa wakati wake, na huamua kama avune sasa au angoje bei ipande. Mvua ikinyesha baada ya kupulizia, mpango hubadilika. Mtu aliyepungukiwa na wepesi wa kubadili fikra anaweza kuufuata mpango wa jana katika hali ya leo, au akasimama katikati ya shamba asijue aanzie wapi.

Jembe linaporudi mkononi, basi, haimaanishi kwamba kazi imerudi. Familia zinazomwachia mgonjwa shughuli zote mara anapoweza kutembea zinaweza kupata hasara ya mavuno au ya mifugo. Na familia zinazomnyang'anya shughuli zote humnyima mazoezi ambayo ubongo wake unayahitaji. Njia ya kati ni kumrudishia kazi kwa vipande: kwanza kuchuja maziwa, kisha kukama mtu mwingine akiwapo, na mwishowe kukama na kuuza. Mashauri ya fedha na mikopo hungoja hadi itakapoonekana kwamba hukumu yake imetulia.

Uvivu, huzuni au ubongo?

Jamaa wengi huona ugumu kutofautisha mambo matatu yanayofanana kwa sura. La kwanza ni kushindwa kuanza kwa sababu ya ubongo. Mtu huyu akianzishwa huendelea vizuri, na mara nyingi anaweza kueleza kinachotakiwa. La pili ni huzuni kubwa ya moyo, ambayo humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi. Huyu hupoteza hamu, usingizi na matumaini, na hali hiyo ina tiba. La tatu ni uchovu, ambao baada ya kiharusi unaweza kuwa mzito kupita kiasi hata kwa kazi ndogo.

Yote matatu yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna hata moja linaloponywa kwa kukemewa. Mke anayemwona mumewe amekaa kitako mchana kutwa, au mtoto anayechoka kumwuliza mama yake swali lilelile, ana haki ya kuchoka. Lakini akijua kwamba anapambana na jeraha, wala si tabia, hubadilisha namna anavyosema, na mara nyingi nyumba hupata utulivu.

Vipimo na mipaka yake

Uwezo wa kupanga hupimwa kwa njia kadhaa. Mgonjwa huweza kuambiwa achore saa na kuweka mishale kwenye wakati fulani, au aunganishe namba na herufi kwa zamu, moja, A, mbili, B, na kuendelea. Kipimo kifupi kilichotungwa Montreal nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2005, kinachofahamika kwa kifupi cha MoCA, kina alama 30 na hutumiwa katika nchi nyingi.

Vipimo hivi vina mipaka. Mtu ambaye hakusoma shule hawezi kuhukumiwa kwa mpangilio wa herufi, wala aliyezoea kusoma wakati kwa jua hawezi kuhukumiwa kwa mchoro wa saa. Lugha nayo ina nafasi yake. Katika mji wa Gisenyi, unaopakana na Goma, mtu anaweza kuwa anafikiri kwa Kiswahili na kupimwa kwa Kifaransa. Ndiyo sababu zimebuniwa pia njia zinazotumia rangi badala ya herufi, na ndiyo sababu wataalamu wengi hupenda kumwangalia mgonjwa akifanya kazi halisi. Mwaka 1991, watafiti wa Uingereza Tim Shallice na Paul Burgess walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hufaulu vipimo vya mezani lakini hushindwa wanapotumwa dukani kununua vitu vichache kwa kufuata masharti mepesi. Jamaa aliyemwona mgonjwa akihangaika sokoni ana habari ambayo daktari anaihitaji, na inafaa aiseme.

Lengo, mpango, tendo, ukaguzi

Miongoni mwa njia zinazotumiwa kuwasaidia wagonjwa hawa ni ile iliyokuzwa Kanada na Helene Polatajko na wenzake, yenye maneno manne: lengo, mpango, tendo, ukaguzi. Mgonjwa huchagua mwenyewe jambo analotaka kuliweza, husema kwa sauti jinsi atakavyolifanya, hulifanya, kisha hukagua. Msaidizi hampi jibu. Humwuliza maswali hadi alione mwenyewe.

Mfano ni mtu anayetaka kupika chai ya maziwa kwa mkono mmoja. Lengo ni chai ya watu wawili. Mpango wake ni kuandaa sufuria, maziwa, majani na sukari kabla ya kuwasha moto. Anatenda, na maziwa yanafurika. Katika ukaguzi anaulizwa: yalifurika wakati gani? Ulikuwa wapi? Anagundua kwamba alitoka nje kumwita mtoto. Mpango mpya ni kuweka kigoda karibu na jiko na kutoondoka hadi sufuria iepuliwe. Kesho yake anajaribu tena. Njia hiyo haihitaji mashine wala umeme.

Yako mambo mengine ambayo familia inaweza kuyafanya. Maagizo hutolewa moja moja, si matatu kwa pamoja. Dawa huwekwa mahali pamoja pasipobadilika, mbali na watoto, na humezwa pamoja na jambo ambalo mgonjwa halisahau, kama uji wa asubuhi. Simu ya kawaida inaweza kuwekewa kengele. Ratiba ya siku huchorwa ukutani, kwa picha kama mtu hasomi. Redio huzimwa wakati wa kazi inayohitaji uangalifu. Kazi ngumu huwekwa asubuhi, kabla uchovu haujaingia.

Kuhusu nguvu za tiba hizi, ni vyema kusema ukweli. Mapitio ya kimataifa ya Cochrane yaliyochapishwa mwaka 2013 yalihitimisha kwamba ushahidi bora uliokuwapo haukutosha kuthibitisha kwa jumla kwamba mafunzo ya akili hurejesha uwezo huu. Tafiti zimeendelea tangu hapo. Kwa hiyo si busara kumwahidi mgonjwa kwamba akili itarudi kama ilivyokuwa. Lakini kupanga mazingira, kupunguza hatari na kumsaidia mtu kufikia lengo alilolichagua ni mambo yenye faida hata pale ambapo jeraha lenyewe halikuondoka.

Msaada unapatikana wapi?

Rwanda ina mtandao wa washauri wa afya wa vijijini, abajyanama b'ubuzima, wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao. Mshauri anayepita nyumbani anaweza kuangalia kama dawa zinamezwa na kuikumbusha familia tarehe ya kliniki. Kutoka kwake mgonjwa huelekezwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali za rufaa mjini Kigali au Huye.

Elimu ya tiba ya viungo ilianza kutolewa nchini katika Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa 1996 na baadaye ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kituo cha Gatagara, wilayani Nyanza, kilichoanzishwa 1960 na padri Joseph Fraipont Ndagijimana, kinajulikana kwa kuwahudumia watu wenye ulemavu. Wataalamu wa kuwarudisha wagonjwa katika shughuli za kila siku bado ni wachache katika ukanda huu wote, kwa hiyo mchango wa familia unabaki kuwa mkubwa.

Siku mgonjwa anapopelekwa kliniki, inafaa jamaa aende na majibu ya maswali machache. Je, mgonjwa huanza mambo mwenyewe? Humaliza alichoanza? Hugundua makosa yake? Ameanguka mara ngapi? Ameruka dawa siku ngapi? Majibu hayo humsaidia daktari kuona kile ambacho hakionekani mgonjwa akiwa amelala kitandani.

Dalili za kutopuuza

Uso ukilegea upande mmoja ghafla, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika, hapana muda wa kungoja kuche. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo tu, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Nchini Rwanda, gari la wagonjwa huitwa kwa kupiga simu namba 912 bila malipo. Ni muhimu kukumbuka saa ambayo dalili zilianza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza hospitalini. Mgonjwa asipewe chakula, kinywaji wala kidonge cha kumeza kabla ya kuchunguzwa, kwa kuwa anaweza kupaliwa.

Na baada ya hatari ya siku za mwanzo kupita, kazi ndefu huanza. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkulima aliyepoteza sehemu ya uwezo wake wa kupanga anaweza bado kulima, kufuga na kuwa mzazi, ikiwa wale walio karibu naye watamshikia kwa muda ile ratiba ambayo ubongo wake umeshindwa kuishika, na kumrudishia kidogo kidogo kadiri anavyoweza kuibeba.